NANI AMESHIKA MIZANI?

Mkulima apelekaye pamba yake kituoni ajua jambo moja ambalo hakufundishwa darasani: ubishi hauko katika pamba, uko katika mizani. Pamba ni ile ile aliyoilima, akaichuma na kuifunga kwa mikono yake mwenyewe, lakini uzito wake utakuwa ule utakaosomwa na mtu mwingine. Ikiwa asomaye mizani ndiye huyo huyo anunuaye, na hapana mtu wa tatu wa kutazama, mkulima hurudi nyumbani na hesabu asiyoweza kuikubali wala kuikanusha.

Leo twapenda kunena juu ya mizani ya namna nyingine. Wengi wetu hatutaiona kwa macho, lakini hukumu yake itatufikia. Ni mizani ya kuhesabu nyutroni.

Mwezi wa Februari 2024 wataalamu wa Culham, Uingereza, walitangaza kwamba mtambo wao uitwao JET, katika majaribio yake ya mwisho ya mwaka 1923 ukiongezewa miaka mia, yaani 2023, kabla haujafungwa, ulitoa nguvu ya megajuli 69 kwa kuunganisha viini vya atomu za haidrojeni, kama jua lifanyavyo. Fueli iliyotumika ilikuwa miligramu 0.2 tu. Joto hilo lingetosha kuchemsha pipa zima la maji. Habari hiyo ilisifiwa duniani kote, na ilistahili sifa. Lakini makampuni kadhaa ya Marekani na Ulaya sasa yatafuta fedha kwa watu na kwa serikali, yakiahidi kwamba yatajenga mitambo ya umeme ya namna hiyo. Ahadi ni nyingi, na kila ahadi huja na tarakimu. Kwa hiyo yatupasa kuuliza swali la mkulima: tarakimu hizo zapatikanaje, na nani ameshika mizani?

Jibu la kwanza litawashangaza wengi. Hizo megajuli 69 hazikupimwa kwa kuchemsha maji. Zilipatikana kwa kuhesabu nyutroni zilizotoka mtamboni. Kila viini viwili vya haidrojeni nzito za aina mbili, deuteri na tritiamu, viunganapo, hutoka nyutroni moja na kiasi cha nguvu kinachojulikana. Aliyehesabu nyutroni amehesabu nguvu. Megajuli 69 ni sawa na nyutroni zaidi ya milioni 24 zilizozidishwa kwa milioni, kisha zikazidishwa tena kwa milioni. Aliyekosea hesabu ya nyutroni amekosea yote.

Sasa nyutroni ni nini? Ni punje ndogo iliyomo ndani ya kiini cha atomu, iliyogunduliwa na James Chadwick huko Cambridge mwaka 1932. Haina chaji ya umeme. Kwa sababu hiyo hupenya mbao na chuma, haivutwi na sumaku kama waya wa umeme uvutwavyo, haina harufu, haitoi sauti, wala haionekani. Mtu aweza kusimama mbele ya chombo kinachotoa mamilioni yake kila sekunde asijue lolote. Huwezi kuihesabu kama magunia. Huijui ila kwa alama iliyoiacha mahali ilipopita.

Hata katika maabara ndogo kazi hii si nyepesi. Vipo vyombo vya kutoa nyutroni ambavyo twaweza kuvieleza hivi: ndani ya bomba lisilo na hewa, chembe za deuteri husukumwa kwa umeme wa volti zipatazo laki moja au zaidi, zikapigwa juu ya kipande cha madini kilichonyweshwa deuteri au tritiamu. Zikipiga deuteri hutoka nyutroni zenye nguvu ya elektronivolti milioni 2.5, zikipiga tritiamu hutoka zenye nguvu ya milioni 14. Mtengenezaji huandika katika karatasi kwamba chombo chake hutoa nyutroni kadha wa kadha kwa sekunde. Lakini kile kipande cha madini huchakaa, na bomba huzeeka. Karatasi ya siku ya kununua si ushahidi wa kazi ya leo. Lazima kupima, na kupima tena.

Njia ya kwanza ni kuweka kihesabio mbali kidogo na chombo. Kihesabio hicho hukamata sehemu ndogo tu ya nyutroni zote, na mpimaji hupiga hesabu ya zilizobaki, kama mtu awekaye kikombe shambani ili ajue mvua iliyonyesha shamba zima. Hapo ndipo makosa huingilia. Nyutroni hugonga kuta, sakafu na dari, zikarudi na kuhesabiwa kana kwamba zimetoka moja kwa moja chomboni. Tena hazitoki kwa usawa pande zote. Mpimaji mwangalifu huweka pande la chuma na nta kati ya chombo na kihesabio ili kuzizuia zile zijazo moja kwa moja. Akahesabu zile za ukutani peke yake, kisha akaziondoa katika jumla. Asiyefanya hivyo amehesabu mwangwi pamoja na sauti.

Njia ya pili ni kuweka kipande cha alumini karibu na chombo. Nyutroni zenye nguvu ya milioni 14 hugeuza baadhi ya atomu za alumini kuwa sodiamu ya namna ya pekee, ambayo hutoa mionzi na kupungua kwa nusu kila saa 15. Mpimaji huiondoa alumini, akapima mionzi yake, akajua nyutroni ngapi zimepita. Nyutroni dhaifu haziwezi kuzaa sodiamu hiyo, kwa hiyo zile zirudizo ukutani zikiwa zimechoka hazimdanganyi mpimaji. Njia ya tatu ni kuhesabu pacha wake: katika muungano wa deuteri na tritiamu, kila nyutroni izaliwapo huzaliwa pamoja na kiini cha heli ambacho huenda upande mwingine na ambacho ni rahisi kukikamata.

Kihesabio nacho chahitaji kupimwa, kama vile mizani ya sokoni ihitajivyo jiwe la serikali. Huko Teddington, Uingereza, katika maabara ya taifa ya vipimo, lipo hodhi kubwa la maji yaliyoyeyushwa chumvi ya manganizi. Chanzo cha nyutroni hutumbukizwa katikati. Manganizi hunyonya nyutroni na kutoa mionzi ambayo hupimwa. Chanzo kilichopimwa humo huwa ndicho jiwe la mizani la kusahihishia vihesabio vingine. Njia mbili au tatu zisizotegemeana zikipatana, ndipo mtu mwaminifu athubutupo kutangaza tarakimu yake, tena pamoja na kiasi cha kosa linaloweza kuwamo.

Tumeyaeleza haya kwa kirefu kwa kuwa yako mambo yaliyotokea zamani ambayo kila atangazaye nguvu ya jua duniani angepaswa kuyakumbuka.

Mwezi wa Agosti 1957, huko Harwell, Uingereza, ulianza kazi mtambo ulioitwa ZETA. Ulikuwa pete kubwa ya alumini yenye tundu la upana wa mita 1, iliyojazwa gesi ya deuteri na kupitishwa umeme mkubwa ajabu. Kabla mwezi huo haujaisha, vihesabio vilianza kuonyesha nyutroni. Katika siku zilizofuata zilifika kiasi cha milioni moja kwa kila pigo la umeme. Wataalamu walifurahi, maana gesi ikipata joto la kutosha viini vyake huungana, na viunganapo hutoa nyutroni.

Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo Urusi ilirusha Sputnik, na dunia nzima ikatazama juu. Wakubwa wa Magharibi walitafuta jambo la kuwainua mbele ya watu. Mwezi wa Januari 1958 habari za ZETA zilitangazwa mbele ya waandishi wa magazeti. Sir John Cockcroft, mkuu wa Harwell, alipobanwa kwa maswali alisema kwamba ana hakika kwa asilimia 90 kuwa nyutroni zile zatokana na muungano wa viini kwa joto. Magazeti ya London hayakuitazama ile asilimia 10 iliyobaki. Yaliandika kana kwamba umeme usiokwisha umekwisha kupatikana, na kwamba bahari zote zimegeuka kuwa fueli.

Mtu mmoja wa Harwell yule yule, jina lake Basil Rose, hakutosheka na idadi. Yeye na wenzake waliuliza swali la pili: nyutroni hizi zina nguvu kiasi gani, na zinaelekea wapi? Ikiwa zatokana na joto la kweli, zapasa kutoka kwa usawa pande zote, kama joto la jiko la mkaa. Walizipima kwa chumba cha ukungu, wakakuta kwamba zile zilizoelekea upande wa mkondo wa umeme zilikuwa na nguvu zaidi kuliko zile zilizoelekea upande wa nyuma. Wakaugeuza mkondo, na tofauti ikageuka pamoja nao. Maana yake ilikuwa moja tu. Gesi haikuwa imewaka kama jua. Umeme ulikuwa ukizisukuma chembe chache za deuteri na kuzigonganisha na wenzake, yaani kazi ile ile ifanywayo na chombo kidogo cha maabara tulichokieleza hapo juu. Nchi nzima ilikuwa imeshangilia jua, kumbe ni bomba la kutoa nyutroni lililokuwa kubwa kupita kiasi.

Tuangalie sana hapo. Hakuna aliyehesabu vibaya! Nyutroni zilikuwapo, na idadi yake ilikuwa sawa. Kilichokosewa ni maana yake. Tarakimu yaweza kuwa ya kweli, na tangazo lililojengwa juu yake likawa si la kweli. Mwezi wa Mei 1958 Harwell ilikiri hadharani kwamba nyutroni zile hazikuwa zile zilizotumainiwa.

Jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba onyo lilikuwa limekwisha kutolewa katika ukumbi wa Harwell yenyewe. Mwezi wa Aprili 1956 mtaalamu wa Urusi, Igor Kurchatov, aliyefuatana na Khrushchev na Bulganin katika ziara yao ya Uingereza, alisimama mbele ya wataalamu wa huko akaeleza kwamba Warusi nao waliona nyutroni katika gesi iliyopitishwa umeme, wakazichunguza, wakagundua kwamba si za muungano wa joto. Waliomsikia walikuwa watu wenye elimu kubwa. Lakini shauku ya kuwa wa kwanza yaweza kumziba masikio hata mwenye elimu.

Hatusemi haya ili kuwacheka Waingereza. Twasema kinyume chake. Aliyegundua kosa alikuwa mtu wao, kwa vyombo vyao, na walilitangaza wenyewe. Kukosea ni jambo la binadamu. Aibu ni kuficha. Na yaliyofuata yaonyesha faida ya kukiri.

Miaka kumi baadaye, mwaka 1968, Warusi nao walikuja na tangazo. Katika mkutano uliofanyika Novosibirsk, Lev Artsimovich na wenzake walisema kwamba mtambo wao wa Moscow, uitwao T-3, umefikia joto kubwa kuliko mtambo wowote wa namna hiyo wa Magharibi. Wengi wa Magharibi walitia shaka. Artsimovich angeweza kukasirika. Angeweza kusema kwamba ni wivu wa mabepari, au kwamba mambo ya Moscow hayahitaji ushahidi wa London. Hakufanya hivyo. Aliwakaribisha Waingereza waje na vyombo vyao wenyewe wapime.

Aliyepewa mwaliko huo alikuwa Bas Pease, mkuu wa Culham wakati ule, ambaye mwenyewe alikuwa mmoja wa viongozi wa kazi ya ZETA na alijua uchungu wa kupima vibaya. Mwaka 1969, katikati ya uhasama wa mataifa makubwa, watu wake walikwenda Moscow na shehena ya vyombo vya kupima joto kwa mwanga wa leza, njia waliyojifunza kuitumia kwa kufanya kazi katika ZETA ile ile iliyowatia aibu. Walipima, na tarakimu ya Warusi ikaonekana kuwa ya kweli. Tangu siku hiyo karibu dunia nzima iliufuata mtindo wa Moscow, na JET yenyewe ilijengwa kwa mtindo huo. Sifa za magazeti ya Moscow zisingeweza kuleta matokeo hayo. Yaliletwa na kipimo kilichofanywa na mpinzani.

JET nayo haikusahau. Kabla ya kutangaza tarakimu zake kubwa, wataalamu wake walijiuliza kama vihesabio vyao vyasema kweli. Mwaka 2013 walitumia mkono wa mashine kupitisha chanzo cha nyutroni ndani ya mtambo, kituo baada ya kituo, na kusahihisha vihesabio. Mwaka 2017 walirudia kazi hiyo kwa chombo kidogo cha kutoa nyutroni za nguvu ya milioni 14, kilichotengenezwa Urusi. Lakini je, chombo chenyewe chatoa nyutroni ngapi? Hawakuridhika na karatasi ya mtengenezaji. Walikipeleka kwanza Teddington kikapimwa huko kwa njia mbalimbali, ndipo kikaingizwa mtamboni. Hivyo tarakimu ya mwaka 2024 ilikuwa imesimama juu ya kazi ya miaka mingi ya watu wasiotajwa magazetini, ambao kazi yao ilikuwa kuhakikisha kwamba jiwe la mizani ni zito kama linavyosemwa.

Hata hivyo, mizani iliyo sawa haitoshi ikiwa hatuulizi ni kitu gani kimepimwa. Tarehe 5 Desemba 2022, katika maabara ya Livermore huko California, nguvu ya leza ya megajuli 2.05 ilielekezwa juu ya kidonge kidogo cha fueli, na zikatoka megajuli 3.15. Hesabu ilikuwa sawa, na ushindi ulikuwa wa kweli. Lakini ili kupata mwanga huo wa leza mitambo ilikula umeme upatao megajuli 300. Hata katika JET nguvu iliyoingizwa kuipasha moto gesi ilizidi ile iliyotoka. Mwenye duka akitangaza mauzo bila kutaja gharama, hakusema uongo, lakini hatuwezi kumpa fedha zetu kwa maneno hayo.

Yuko mtu mwingine ambaye tarakimu hizi zamhusu kabla ya mwenye hisa na kabla ya waziri. Ni mfanyakazi. Unene wa ukuta kati yake na chombo, umbali anaosimama, na saa anazoruhusiwa kufanya kazi, vyote hupangwa kwa idadi ya nyutroni zitokazo. Idadi ikiandikwa ndogo kuliko ilivyo, ukuta utajengwa mwembamba, na asiyeiona wala kuisikia nyutroni ataipokea mwilini mwake. Ni kweli kwamba chombo cha namna hii kikikatiwa umeme huacha kutoa nyutroni, na hilo ni jambo jema. Lakini madini yaliyo karibu nacho yaweza kuendelea kutoa mionzi. Kwa hiyo mfanyakazi aulizaye, “Kipimo hiki kilifanywa lini, na nani?” si mkaidi. Ameuliza juu ya maisha yake.

Wala mambo haya si ya Ulaya peke yake. Vyombo vya kutoa nyutroni hutumiwa katika visima vya mafuta na gesi ili kuijua miamba iliyo chini. Nchi yetu yachimba gesi Songo Songo na Mnazi Bay, na tunayo tume ya nguvu za atomu, iliyokabidhiwa na sheria kazi ya kulinda watu na mionzi. Siku yaja ambapo wauzaji watabisha hodi wakiwa na michoro mizuri ya mitambo ya kuwasha jua. Hatuna sababu ya kuwafukuza. Tuna kila sababu ya kuwauliza.

Sisi twaona ya kuwa maswali yetu yawe matatu. La kwanza: mlipima kwa njia gani, na ni njia nyingine ipi iliyopatana nayo? La pili: ni nani asiyelipwa na ninyi aliyekuja na kihesabio chake mwenyewe akaona yale mliyoyaona? La tatu: nguvu iliyoingia ni kiasi gani, kuanzia waya wa umeme uingiao langoni, si kuanzia mlango wa chumba cha ndani? Muuzaji mkweli atayajibu kwa furaha, kama Artsimovich alivyowafungulia mlango Waingereza. Atakayenuna tutakuwa tumemjua.

Na ili maswali hayo yasiwe ya midomo tu, hatuna budi kuwa na vijana wetu wajuao kupima. Tumezoea kumsifu ajengaye na kumsahau apimaye. Twaomba walimu wa hesabu na sayansi katika shule zetu wawaambie wanafunzi habari za Basil Rose, ambaye taifa lake lote lilipokuwa likishangilia alikwenda zake chumbani kupima kwa mara ya pili. Kuuliza si ujinga, walisema wazee wetu. Kwa mtu wa namna hiyo, kuuliza ndiyo kazi yenyewe, na nchi isiyo naye itaendelea kuuziwa pamba yake kwa mizani ya mnunuzi.